Kwenye Mizani

Lori la kwanza hupanda saa kumi na mbili kasorobo.
Taa bado zinawaka, na ukungu wa Derbyshire
umelala juu ya machimbo ya chokaa
kama shuka ambalo hakuna aliyeamka kulitandika.
Nabonyeza. Tani arobaini na tatu na kidogo.
Napiga muhuri,
na kabla dereva hajaipokea risiti
naangalia kibao cha namba, zile herufi tatu za mwisho:
K, G, H.

Sheria ni za Hedley, si zangu.
Zote tatu ziwemo, kwa mfuatano wake;
kuachana ruksa, kupishana hapana.
Na neno liwe refu. Fupi ni la wavivu.

“Knight,” nilimwambia mara ya kwanza,
ndoa yetu ikiwa na miezi miwili.
Akaipuliza chai. “Herufi sita tu, Thirza?
Hilo hata baiskeli hulibeba.”
Usiku, mswaki mdomoni, likanijia:
breakthrough.
Kumi na mbili!
Nikatema povu, nikapiga kelele
hadi mbwa wa kina Ollerenshaw akaitikia.

Ndivyo yalivyo. Ukiyaita hayaji.
Osha sufuria, tafuta soksi ya pili,
neno litaingia kama paka,
halikuangalii, linajilaza tu.

Tuligombana kwa dhati mara moja, kisa Z.
M, N, Z. Yeye akaandika mechanization,
mimi nikasema kwetu huandikwa kwa S,
bibi yangu angekuchapa vidole.
Akaenda kuifungua kamusi nzito
iliyokuwa inazuia mlango wa nyuma usibamizwe na upepo.
Siku mbili hatukusemezana
ila kuhusu chumvi.
(Kamusi ilisema zote mbili sawa.
Hakuna aliyeshukuru.)

Februari, gari la jeneza
lilikuwa limeoshwa mpaka linang'aa.
Nilijaribu kuangalia maua.
Nilijaribu, kweli, kuangalia kofia ya dereva.
R, G, T.
Tulipofika kwenye kona ya posta
refrigerator ikafunguka kichwani, na taa yake ndani.
Nikacheka.
Wifi yangu Odette akanishika mkono
akidhani ni kilio,
na kilikuwa kilio.

Zenon, dereva kutoka Poland,
aliliona daftari dirishani, akauliza.
Nikamweleza sheria. Nikampa R, G, T,
sikumwambia zimetoka gari gani.
Alikaa nazo wiki nzima, barabarani,
na Alhamisi akainamia dirisha langu
vumbi jeupe kwenye nyusi:
“Forget.”

Nilihesabu kwa vidole, ingawa najua.
“Sita,” nikasema. “Haitoshi.”
Akatikisa kichwa taratibu.
“Ndilo nililo nalo.”

Liko jingine, la herufi kumi na tatu,
lenye hilo la Zenon tumboni.
Nalijua tangu Machi.
Limeandikwa kwa wino wa dhahabu
kwenye kadi za pole pale kituo cha mafuta,
karibu na peremende na glavu,
pauni mbili na nusu.
Sikulitia daftarini.
Mbele ya R, G, T nimeandika friji yetu,
herufi kumi na mbili,
na chupa ya vitunguu vya siki ambayo ni yeye tu aliyeila,
nusu yake bado imo.

Lori linashuka, daraja linapumua,
sindano inarudi sifuri.
Jingine linapanda.
V, Z, L.
Sina kitu.
Naweka maji ya chai.